Washa ya Saba

Saa moja asubuhi, kusini mwa Chubut,
baridi imeng'ang'ania mabati ya banda la ndege
na upepo haujaamka. Ceferino anaujua:
ikifika saa nne utashuka milimani
kama fahali aliyevunja zizi.
Kwa hiyo amenisimamia, kofia mkononi,
chanjo za kondoo wake zimo ndani ya boksi la barafu,
na kila nikigeuka nakuta viatu vyake.

"Bado, Eluned?"
Bado.

Kwanza nachomoa ufunguo wa magneto, nautia mfukoni.
Injini iliyolala haiaminiki.
Panga lina tabia ya kuamka kwa kuguswa tu,
na mimi vidole nimebaki navyo tisa.

Nafuta uso wa flanji
mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia.
Nalinyanyua panga, mbao zilizogundishwa tabaka kwa tabaka,
zito kama mtoto aliyesinzia begani,
nalipapasia matundu yake sita.
Bolti ya kwanza inaingia. Ya pili.
Ya tatu inagoma; naitoa, naipa tone la mafuta,
inakubali bila kuomba radhi.

Kukaza si kwa mduara.
Ya juu, halafu ya chini inayoikabili,
halafu navuka tena, navuka tena,
maana mbao haipendi upendeleo:
ukiubana upande mmoja, wa pili unakuwekea kinyongo,
na kinyongo cha mbao hulipwa hewani.
Robo ya mkazo. Nusu.
Kisha ile spana ndefu yenye kipimo inasema ko,
na ninaiacha ilivyosema.

Naweka kigoda mbele ya ncha, nazungusha:
ncha hii inapita kwa unene wa sarafu,
ncha ile kwa sarafu ileile.
Halafu waya, kichwa cha bolti hadi kichwa cha bolti,
umesokotwa hivi kwamba moja ikitaka kulegea
itamkaza jirani yake.

Nageuka kuchukua kalamu.
Kwenye sahani, washa moja.

Inang'aa. Haijui ilichofanya.

Niliweka sita. Nina hakika niliweka sita.
Siku ile ya kidole pia nilikuwa na hakika.

Ceferino anaiokota, anachungulia nje kupitia tundu lake.
"Pengine zilikuwa saba."
Pengine.
Nimeshashika koleo. Waya unakatika, tik,
kazi ya nusu saa inakuwa taka sakafuni.

Nafungua ya kwanza: ina washa.
Ya pili inayo.
Ya tatu, ile korofi, inayo.
Ya sita, nilishajiapiza kuwa ndiyo hii,
inayo, imekaa sawasawa
kama mkweli aliyesingiziwa.

Zilikuwa saba.

Saa nne na robo mabati yote yanapiga kelele
na hakuna anayeruka leo.
Ceferino amerudisha boksi kwenye friji ya ofisini.
Anarudi na ile chai chungu ya kibuyu,
mrija mmoja, zamu yangu, zamu yake,
hanilaumu, hanishukuru.

Nakaza upya. Nasokota waya mpya.
Kitabuni naandika tarehe, namba ya panga, mkazo.
Nataka kuongeza: mara mbili.
Hakuna safu ya jambo hilo.

Mfukoni, washa inagongana na ufunguo
kila ninapoinama.