Mraba wa Arobaini na Moja

Desemba, majirani wakichinja nguruwe,
mimi nimepiga magoti mchangani
kati ya Danubi na Tisza, suruali imelowa theluji nyepesi,
natafuta kitu kisichozidi kifungo cha shati.

Wengi hukikanyaga.
Kichwa duara, rangi ya karatasi iliyosahauliwa dirishani,
kikonyo chembamba kimezikwa hadi shingoni,
na utosini kitundu kilichochongoka,
kimezungushiwa wanja wa kahawia,
kama mdomo wa mtu aliyekatizwa akitaka kupiga mluzi.
Ukikigusa, hupumua
vumbi la rangi ya kutu.
Basi, kimemaliza kusema.

Mwaka wa kwanza nilikosea.
Niliandika jina la ndugu yake, yule mwenye mdomo wa nyuzinyuzi,
na Gyöngyvér wa makumbusho, bila kuinua uso kwenye hadubini,
akauliza: "Umeviona vinundu vya chembe zake, au umeota?"
Nilikuwa nimeota.

Tangu hapo nafukua kwa kijiko cha chai, kikonyo kisivunjike.
Naandika: mchanga, kuvumwani, msonobari hatua kumi na mbili.

Mraba wa arobaini na moja ulibaki mweupe miaka sita.
Ndani yake mna nyumba moja, ya Piroska Csordás,
na mbwa asiyejua sayansi.
"Uyoga?" alisema langoni. "Marehemu mume wangu
aliuza mchanga huu kwa lori, tani kwa tani.
Sikuona hata mmoja akiupigia magoti."
Akafungua hata hivyo. Labda ni baridi, labda ni pua yangu.
Akanipeleka nyuma ya banda la mabata bukini,
ukingoni mwa shimo alilochimba Vendel:
vichwa kumi na tisa,
vimesimama pale ambapo sepetu ilichoka.

Kumbe alivijua siku zote.
Utotoni walivibonyeza na dada zake,
wakahesabu pumzi: ngapi zitatoka
ndiyo miaka iliyobaki kabla ya kuolewa.
"Changu kilitoa tatu," alisema. "Kilidanganya. Zilikuwa kumi na moja."
Sikuwa na safu ya kuandika hilo.

Usiku natia nukta.
Kwa kipimo cha ramani hii, nukta moja
imefunika shimo, banda, kisima,
mbwa, na Piroska jikoni, taa yake ingali inawaka.
Nikafuta. Nikachukua kalamu yenye ncha nyembamba kuliko zote.
Bado ilimfunika.