Mzunguko wa 311

Maabara ya Mlimani, saa tisa usiku.
Anyelwisye anafungua tanuri,
anatoa kwa koleo kipande kisichozidi kidole gumba:
alumini, na ndani yake nyuzi za kaboni
zimelala sambamba kama chelewa za ufagio.

Joto likipanda, alumini hutaka kutanuka.
Nyuzi hukataa.
Joto likishuka, alumini hutaka kunywea,
nyuzi humwambia: ulikokwenda hukuniaga.
Wamefungwa pingu moja, hakuna wa kutoka,
kinacholegea ni pale wanapogusana.

Anapima kwa mikromita aliyoachiwa na marehemu fundi Kaluwa.
Juzi, sifuri nukta sifuri tatu.
Leo, nne.
Anaandika kwa penseli, maana Machi hii
wino unachuruzika na jasho la kiganja.
Hakuna aliyekivuta kipande hiki, hakuna aliyekigonga,
hata kitabu hakikuwekwa juu yake.
Kwenda na kurudi tu.

Anakirudisha motoni. Robo saa,
umeme unakatika, Changanyikeni hadi Ubungo giza.
Feni inajikongoja mizunguko mitatu ya mwisho.
Tanuri linapoa ovyo, bila ratiba,
naye amesimama na tochi ya simu mdomoni
akijiuliza auhesabu au asiuhesabu.
Anaandika: 311. Si wangu.

Kimara, usiku huohuo,
bati la nyumba yake linalia ta! ta!
likirudi mahali pake baada ya jua la jana.
Mkewe analisikia, anageukia ukutani.
Linarudi mahali pake,
karibu.