Tano, Nane

Oda iliingia Jumatatu moja ya Aprili, umeme uliporudi Nguba,
mistari arobaini bila salamu, bila jina la mtu:
kahawa ya Kalehe, magunia mia tatu na ishirini,
unyevu usizidi kumi na mbili kwa mia,
kupakiwa kabla ya 05/08.

Mimi, Nabintu, karani wa ushirika,
nilifundishwa na masista kwamba siku hutangulia
kama mtoto anavyomtangulia mama njiani,
kisha mwezi, kisha mwaka na mzigo wake kichwani.
Nikasoma: tarehe tano, mwezi wa nane.
Nikaandika ubaoni kwa chaki, nikapigia mstari.
Wakati tunao, nikawaambia.
Cirhuza akafunga depo, akaenda Walungu kumzika shangazi yake,
na wanawake wa kuchambua wakarudi kupalilia maharagwe.

Ng'ambo, masini nyingine ilikuwa imefunzwa vingine,
mwezi mbele, siku nyuma yake.
Kwake ilikuwa tarehe nane, mwezi wa tano.
Masini zile mbili zikaulizana:
Umepata?
Nimepata.
Umeelewa?
Hilo halikuwa na kisanduku chake.

Tarehe tisa Mei, chai ikiwa bado ya moto,
ikaja faini.
Siku moja ya kuchelewa, mbili kwa mia.
Kesho yake, nne.
Na magunia yamelala depo, yananukia vizuri,
hayajui kwamba yana kosa.

Usiku ule nilihesabu.
Kuanzia kumi na tatu namba hujitetea yenyewe:
kumi na tatu haiwi mwezi, hata asome nani.
Ni hizi ndogo ndizo huazimana makoti.
Siku mia moja thelathini na mbili kila mwaka
zina nyuso mbili.
Kumi na mbili tu, za namna ya 05/05,
husema neno moja kwa kila mtu,
na hakuna aliyetuagiza kahawa kwa siku hizo.

Zihindula, dereva, aliyekaa Kinshasa miaka sita, alicheka.
Kwa Kilingala, akasema, *lobi* ni jana, na *lobi* ni kesho.
Na hampotezani?
Tunasikiliza kitenzi, akasema. Kitenzi ndicho kinachotaja njia.

Nikairudia oda, mstari kwa mstari.
Haikuwa na kitenzi.

M'Cibalonza alikuja na wenzake kuuliza nani amekula pesa.
Nikamsogeza ubaoni, nikamwonyesha: 05/08.
Akaitazama kwa muda, yeye anayeuza sambaza Kadutu
siku zisizo na kahawa.
Hiyo ni bei, akasema. Vikopo vitano kwa elfu nane.
Unauza hasara, binti yangu.

Sikuwa na la kumjibu.
Nusu ya magunia yalivuka Ruzizi kwa bei ya kutupa.
Nusu nyingine iliondoka mwisho wa Mei,
baada ya barua zangu kumi na moja
na simu moja na mtu mwenye sauti ya mafua
aliyesema, pole, kwetu iko wazi kabisa.

Siku hizi naandika mwezi kwa herufi.
Masini hunigeuzia nyekundu: umbo si sahihi.
Naandika tena. Inakataa tena.
Tunashindana hivyo hadi mmoja wetu akatiwe umeme.

Na ubao sikuufuta.
Tarehe tano Agosti ilifika kama nilivyoiandika,
haikuchelewa hata dakika,
vumbi la kiangazi juu ya mabati ya depo.
Nilifungua mlango saa mbili asubuhi.
Nikasimama pale na funguo mkononi,
nikaipokea peke yangu.