Ubavu wa Kumi na Nne

Jikoni kwa bibi, Kamalondo,
vijiko vinaning'inia kwenye ubavu wa ndege.
Ubavu wa kumi na nne, bawa la kushoto:
namba bado inasomeka, penseli ya fundi,
chini ya masizi ya makala ya miaka sitini.

Ni mwepesi kuliko mwiko.
Vijiti vya upana wa kidole cha mwisho,
vimepinda kama mgongo wa samaki anayegeuka,
vimeshikwa kwa gundi ya maziwa
ambayo babu Ngosa aliikoroga alfajiri
kabla jua la Septemba halijaikausha koponi.

Bwana Cuypers alileta karatasi zenye mistari ya buluu.
Alitaka mabawa ya mita kumi na nane, membamba,
hata mafundi wa karakana ya reli wakacheka:
hii ni ngazi, walisema, imelazwa.
Akawajibu kwa Kiswahili chake cha mgodini:
"Bawa fupi inapigana na upepo.
Ile ndefu inaomba."
Babu hakucheka. Alikuwa fundi wa milango na majeneza,
alijua ubao mrefu unavyonung'unika
ukitwishwa usichokiweza.

Mbao za ng'ambo zilifika zimelowa mvua ya Lobito.
Mulombwa ulikuwa mzito mno; akauweka tumboni tu,
pale ndege inapogusa ardhi.
Kitambaa alishona bibi,
mshono kila baada ya vidole vitatu,
mbavu sabini na mbili, sindano moja,
kisha vanishi, ambayo harufu yake
ilimlaza na kichwa wiki nzima.

Na winchi? Ilitoka Kipushi,
pamoja na kamba ya chuma iliyochoka kushusha watu shimoni.
Sasa ilitakiwa kumpandisha mmoja.

Watu hudhani inaruka. Hairuki.
Inaanguka, tangu kamba inapoachia hadi nyasini,
ila inaanguka kwa hesabu:
mita moja chini, mita thelathini na moja mbele.
Ukiiona inapanda, ujue ni hewa inayopanda,
kwa kasi kupita anguko lake.

Hewa hiyo, babu ndiye aliyeionyesha.
Juu ya kilima cheusi cha taka za shaba,
saa sita mchana, mwewe huzunguka bila kupiga bawa.
"Fuata wale," alisema. "Wale hawanunui petroli."
Cuypers alikaa juu saa tano,
akatua Jadotville kwenye shamba la mihogo,
na katika daftari la klabu ikaandikwa
tarehe, kilomita, jina lake.

Mwaka wa sitini hangari iliungua,
au ndege ilipasuliwa kuni; wanaokumbuka hawakubaliani.
Babu alirudi nyumbani na ubavu mmoja chini ya koti.

Hakuruka hata siku moja. Kiti kilikuwa kimoja.
Lakini kabla ya yote, kupima mizani,
walihitaji mtu ndani,
na fundi, akipakata kopo la misumari,
alilingana uzito na bwana.
Akakaa, mkono juu ya usukani alioutengeneza mwenyewe.
Upepo wa kiangazi ukaja kutoka Luano,
wenye vumbi, bila hodi,
ukaingia chini ya zile mita kumi na nane.
Bibi alikuwa ameshika ncha ya bawa.
Anasema ilimponyoka.

"Shubiri moja," anasema, akipima hewani
kwa vidole vilivyokunjamana. Anafikiri.
"Shubiri na nusu."

Leo nimevitoa vijiko.
Nimeulaza ubavu juu ya mfuko wa saruji uliokatwa,
nachora ukingo wake taratibu,
nikizuia penseli isiteleze pale mgongo unapoanza kushuka.
Bibi yuko mlangoni.
Anataka kujua vijiko vyake vitakaa wapi.