Yaliyokwama

Shimanzi, ghorofa ya tatu, feni moja kwa watu sita.
Nimefungua msimbo alioacha Tsuma kabla hajahamia Kisumu
na swali lile lile nimelikuta mara kumi na tisa:
kontena liwe limeshushwa, siku zake zizidi kumi na nne,
ushuru uwe haujalipwa, na lisiwe limefutwa.
Mara kumi na tisa, kwa mkono ule ule,
kama mwanafunzi aliyeadhibiwa kuandika
"sitachelewa tena" hadi daftari liishe.

Lakini mkono huchoka.
Mahali pa saba, kumi na nne imekuwa kumi na tano.
Mahali pa kumi na moja pamesahau yaliyofutwa,
na ndipo Mbarak Badi, muuza magodoro wa Kongowea,
akadaiwa ada ya siku ishirini na mbili
za kulaza kontena lililokwisha kurudishwa Mundra tangu Machi.
Alipanda ngazi, risiti mkononi. Hakupiga kelele.
Aliketi tu, akasema:
"Niko hapa hadi mnionyeshe lilipo."

Tuna mkalimani ndani ya mashine.
Jedwali husema kwa safu na mistari, mimi nasema kwa vitu,
naye hukaa katikati akitutafsiria.
Mtiifu, ila Shimanzi haijui.
Anajua "sawa na", anajua "zaidi ya", anajua "siyo tupu".
Neno "kukwama" hakufundishwa alikozaliwa.

Sikumvunja, wala sikuunda mwingine.
Nimefanya tunavyofanya na kitenzi tangu utotoni:
shina liache lilivyo, mkia uongeze.
Funga, fungia, fungisha, fungiana;
na tazama, irabu moja tu, funga ikawa fungua.
Nani aliwahi kulihesabu hilo kuwa ajabu?
Bibi yangu hakuingia skuli hata siku moja
na alivinyambua vyote, hadi vya kutendeshana,
huku akigombana na muuza maji.

Mkia haukuwa taabu. Taabu ilikuwa maana.
Nikashuka kaunta kumuuliza Kadzo:
"Kontena lililokwama ni lipi hasa?"
Akanitazama kama kwamba nimeuliza maji ni nini.
"Ni lile ambalo mwenyewe amenipigia simu mara mbili."
Hiyo haimo kwenye jedwali lolote.
Tulibishana, viazi karai vikapoa juu ya gazeti,
mpaka tukakubaliana: kumi na nne,
na sikukuu zisihesabiwe.
Sikukuu!
Maswali yote kumi na tisa hayakuijua Idi.

Nimeandika mara moja. Mistari sita.
Sasa naita: makontena, yaliyokwama,
ya Kongowea, ya juma hili, makongwe kwanza;
kila neno linashika mkono wa lililotangulia,
wala hakuna kinachopelekwa hifadhini kuulizwa
mpaka niseme nimemaliza.
Mkalimani husubiri sentensi itimie.
Adabu hiyo wengi humu ofisini hatuna.

Swabra, aliyeanza kazi Jumatatu,
amesimama nyuma ya kiti changu akaisoma kwa sauti,
akafika mwisho, akasema, "Basi?"
Basi.

Nimefuta maswali kumi na manane.
Mbarak Badi amerudishiwa pesa zake, amezihesabu mara mbili,
akatuachia godoro la mtoto ambalo hatujui la kulifanyia.

La kumi na tisa limo katika ripoti ya usiku,
inayotumwa saa nane kwa watu wa bandarini nisiowajua.
Juu yake Tsuma ameandika:
"Usiguse hapa. Nitaeleza."
Hakueleza.
Sijagusa.
Nimempigia simu mara mbili.