Kujifunza Kuanguka

Wasemao kuteleza si kuanguka
hawajapeleka barua Asahikawa mwezi wa pili.
Barafu imeshika njia kama mdai.
Miaka kumi na tisa kazini, na msimu huu pekee
nimekwenda chini mara nne:
mara tatu mbele ya kinyozi,
mara moja mbele ya mbwa, aliyenitazama
kisha akageuza uso kwa adabu.

Daktari Hirose aligonga picha ya kifundo changu:
"Mfupa wa miaka hamsini na moja, Fumie,
si bahasha. Haulambwi ukaunga."

Basi nikatafuta shule.

Juu ya duka la miwani, vikombe hadi darini,
na kijana mwenye shingo kama gogo:
"Utashindana uzito gani?"
Uzito wa mfuko wa barua, nikasema.
Hakucheka. Akanipa fomu, na bei, na bei nyingine.

Kwingine kulinukia sabuni na ukimya.
Wamevaa sketi pana nyeusi, wanachomoa panga za mbao
polepole, kana kwamba hewa imelala
na hawataki kuiamsha.
Nilipenda. Kwa kweli nilipenda,
nimeshavua kiatu kimoja.
Lakini saa nzima hakuanguka mtu,
nami sikufuata uzuri.

Nyuma ya shule ya msingi, jiko la mafuta ya taa,
mikeka ya judo yenye viraka vya utepe.
Bibi Togashi, mkanda wake mweusi umechakaa hadi weupe,
hakuniuliza umri. "Unaogopa nini?"
Sakafu, nikasema.
"Vizuri. Basi tuanze nayo."
Akaniita mwalimu wangu: Yuma, miaka saba,
hana meno ya mbele.
"Kidevu kifuani. Tazama mkanda.
Upige mkeka kabla haujakupiga."
Pa! Pa! Jioni nzima, watoto wakidondoka kama mapera,
na mimi katikati yao, gunia.

Mwezi wa tatu nilianguka tena. Palepale.
Kidevu kifuani, kiganja kikalipa barafu kofi,
kikawaka moto hadi jioni.
Kinyozi alitoka mbio, mkasi mkononi,
akanikuta chali natazama anga,
nahesabu mifupa, yote ipo,
barua zimetapakaa.
Iliyolowa ni moja tu,
ya benki.