Hesabu ya Nyuzi

Toa wastani wa siku kwenye kumi na nane.
Kilichobaki ndicho deni lako kwa baridi.
Jana nje ilikuwa hasi kumi na mbili:
nyuzi thelathini. Andika.
Leo hasi tatu: ishirini na moja. Andika pia.
Ikifika kumi na nane usiandike kitu,
fungua dirisha, mshukuru Mungu.

Hivyo nilimfundisha Aldéa mwaka wa kwanza wa ndoa,
nami dereva wa lori la mafuta ya kupashia nyumba,
nikiburuta mpira katika theluji ya Saint-Basile,
nikijua kwa nyuzi tu, bila kubisha hodi,
tangi la nani linakaribia kukauka.
Alicheka. "Nyuzi zako hazifumi kitu," akasema,
sindano zake mbili zikigongana juu ya sweta ya mtu.

Watu husema: mwaka huu mafuta yametumaliza.
Husema: mwaka jana tulijibana.
Porojo. Mwaka jana mto haukuganda hadi Januari.
Huwezi kulinganisha pipa na pipa
kabla hujauliza baridi ilikuwa na njaa kiasi gani.
Gawa lita kwa nyuzi. Hapo nyumba husema kweli.

Yetu ilisema nusu lita kwa uzi mmoja,
miaka kumi na tisa, bila kuyumba.
Niliitaja nusu hiyo nje ya kanisa
kama wenzangu wanavyotaja wajukuu.

Kisha ukaja ule msimu mpole.
Nyuzi elfu nne na mia tisa,
paa likidondoka maji katikati ya Februari.
Na mafuta? Lita elfu tatu na mia moja.
Nikagawa. Nikagawa tena kwa penseli nyingine.
Sifuri nukta sita tatu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta; basi nikautafuta.
Nilipita na mshumaa kila dirisha, nikitazama mwali ukiinama.
Utepe kwenye fremu. Blanketi kuukuu chini ya mlango wa nyuma.
Kijana wa Lizotte akaja kusafisha tanuri, akapima moshi,
akapangusa mikono: "Mzee, hili ni zima kuliko mimi."
Dola mia moja na arobaini, kuambiwa hivyo.
Nikamgeukia Aldéa. "Ni wewe na milango yako."
Hakujibu.
Alikuwa amevaa sweta mbili.

Sikuona. Mimi niliyejua tangi la kila nyumba mtaani
sikuona kidole chake kikipapasa ukuta usiku,
kikisukuma kile kigurudumu toka ishirini hadi ishirini na tatu,
na alfajiri, kabla sijaamka, kikikirudisha mahali pake.
Kila usiku, tangu Novemba.
Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Yeye aliumbuliwa mapema zaidi, na mafuta,
kwa mwandiko wangu mwenyewe,
nami nikausoma kama dirisha linalovuja.

Aprili, daktari wa Edmundston alitamka neno refu la damu.
Agosti tukamzika.
Siku ya nyuzi sifuri. Hakuna cha kuandika.

Sasa naishi jikoni na chumba kimoja, juu nimefunga.
Msimu huu: nyuzi elfu tano na mia mbili,
lita elfu mbili na themanini.
Sifuri nukta nne. Haijapata kutokea.
Kijana wa Lizotte aliliona daftari, akapiga mluzi.
"Umefanyaje, mzee?"

Nilikuwa nimevaa sweta yake ya mwisho.
Mkono wa kushoto hakuumaliza,
uzi unaning'inia kwenye kiwiko. Sijaukata.
Saa tano usiku huenda ukutani,
nikasukuma hadi ishirini na tatu,
nikasikiliza tanuri likishika moto chini ya sakafu.
Nahesabu hadi sitini. Narudisha.

Mafuta hayo siyaandiki popote.